Tunamsifu Muyembe juu ya nini?



Kila mara epidemi inapotangazwa kwetu, kuna picha moja inayoanza kuzunguka kwenye simu zetu sisi wahitimu: Profesa Jean-Jacques Muyembe, na chini yake maneno kwamba huyu njo Mkongomani aliyegundua Ebola, Wazungu wakamnyang'anya. Tunaipokea, tunaweka bendera na makofi, tunaisukuma mbele. Mimi mwenyewe nimeisukuma mara mbili. Leo naomba niandike juu ya kazi yake, si juu ya picha. Nimeisoma kwa miaka kadhaa sasa, kwanza kwa ajili ya memuari yangu ya afya ya jamii, kisha kwa sababu ya jambo lililotokea nyumbani kwetu Butembo, nitalifikia. Ninavyoona, tunamsifu juu ya kitu ambacho si kikubwa kuliko vyote alivyofanya, na kuna swali moja ambalo sisi watu wa kwao hatujamuuliza.

Hiyo ya kugundua tuimalize kwanza. Mwaka 1976 Muyembe alikuwa na miaka 34, ametoka Leuven miaka michache kabla na doktora ya virolojia. Watu walikuwa wanakufa Yambuku, kule Ekwateri, kwenye hopitali ya misheni ya watawa wa Kibelgiji, na serikali ikamtuma akaangalie. Alikuta vitanda karibu vyote vitupu, wagonjwa wamekimbia. Waliposikia kwamba muganga ametoka Kinshasa, wakaanza kurudi. Akawatoa damu kwa mikono mitupu, na pale alipochomoa sindano damu haikukubali kusimama, ikamtiririkia vidoleni. Akanawa kwa maji na sabuni. Basi. Kisha akamchukua mtawa mmoja mwenye homa, wakaenda naye Kinshasa. Damu yake ikawekwa ndani ya termosi ikasafiri mpaka Antwerp, ambako Peter Piot na wenzake waliifungua. Mwezi wa Machi 1977 gazeti la kiganga Lancet likachapa makala tatu juu ya virusi hivyo vipya: moja ya Atlanta, moja ya Porton Down kule Uingereza, moja ya Antwerp. Someni majina ya walioandika. Hakuna Mkongomani hata mmoja.

Hilo linauma, na haifai kulifunika. Lakini tuseme ukweli kati yetu. Kuvitambua virusi kwenye mikroskopu kulifanyika ndani ya laboratwari ambazo Kinshasa ya 1976 haikuwa nazo, na aliyeshika sindano pale Yambuku ni mwingine. Zote mbili ni kazi. Tukibaki kupigania neno moja hilo la "kugundua", tunakuwa kama ndugu wanaogombania parseli ya baba: kila mtu ameshika karatasi yake, na nyumba yenyewe inaoza hakuna anayeiangalia. Mimi ninataka kuiangalia nyumba.

Kama ningeambiwa niiseme kazi ya Muyembe kwa maneno machache, ningesema ni kazi ya mtu anayeuliza: ugonjwa umepitia wapi mpaka ukafika kwa huyu? Si "umetoka wapi". Mambo ya popo na nyani na msitu watu wengi wanayapenda, yanatengenezea sinema. Yeye na wenzake waliuliza umepitia wapi, na jibu la Yambuku lilikuwa la aibu kuliko popo yeyote. Limeandikwa katika ripoti ya tume ya kimataifa iliyotoka 1978. Kila asubuhi infirmiye wa pale walikuwa wanapewa mabomba matano ya sindano. Matano, kwa wagonjwa wote wa nje, siku nzima. Kati ya mgonjwa na mgonjwa yalisuuzwa kwa maji. Mwalimu mmoja wa shule ya misheni akachomwa klorokini mwishoni mwa Agosti, juu ya homa iliyodhaniwa ni malaria. Wengine wakafuata kwenye sindano zilezile. Watu 318 wakaugua, 280 wakafa. Kati ya wale ambao ugonjwa uliwaingia kwa njia ya sindano tu, hakupona hata mmoja. Wafanyakazi wa hopitali walikuwa 17. Walipokufa 11 ikafungwa, na ilipofungwa epidemi ikaanza kuzimika.

Ninarudia sentensi hiyo kila ninapofundisha, na kila mara kuna mwanafunzi anayecheka kwanza kisha ananyamaza: hopitali ilipofungwa, watu wakaanza kupona. Msitu ulitoa mgonjwa mmoja, hopitali ikawatoa mamia.

Kikwit, 1995, ni somo lilelile kwa darasa kubwa zaidi. Mfanyakazi wa laboratwari anapasuliwa tumbo. Baada ya siku chache waliompasua wanaanza kuanguka, mmoja mmoja, muganga, infirmiye, mtawa. Walio mahali pale wanafikiri ni kuhara damu. Muyembe anaitwa, anaangalia ile orodha ya waliougua, anakumbuka Yambuku. Hakuhitaji mikroskopu kushuku, orodha ilitosha. Damu ikapelekwa Atlanta, jibu likarudi mwezi wa Mei. Watu 315 walipatwa, karibu wanne kwa kila watano wakafa, na robo nzima ya waliougua walikuwa wafanyakazi wa afya. Glavu zilipofika, maski, wagonjwa wakatengwa, na Msalaba Mwekundu wa mji wenyewe wakazika maiti kwa utaratibu, ugonjwa ukarudi nyuma. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba Ebola inaweza kuzimwa bila dawa na bila chanjo.

Sasa ninakuja fasi ninayoipenda kuliko zote, ingawa kama mtahini ningeipa pointi chache.

Wakati epidemi ya Kikwit inaelekea mwisho, waganga wa kwetu wakafanya jambo ambalo wageni wengi hawakulipenda. Walichukua damu ya watu waliopona wakawatia wagonjwa wanane. Saba wakapona. Kwa ugonjwa uliokuwa unaua wanne kwa watano, saba kwa wanane ni jambo la kupiga kelele. Lakini wakosoaji hawakupiga kelele za furaha, na ukosoaji wao haukuwa wa dharau tupu. Hakukuwa na kundi la kulinganisha. Wagonjwa hao walipata damu wakiwa wameshavuka siku kadhaa za ugonjwa, na anayevuka siku hizo tayari ana bahati. Tena walitunzwa vizuri kuliko wale wa mwanzo, juu wakati huo serumu na infirmiye walikuwa wamepatikana. Hesabu zilipofanywa upya na kuzingatia mambo hayo, faida ya ile damu haikuonekana. Kama mwanafunzi wangu angeniletea memuari ya wagonjwa wanane bila kundi la kulinganisha, ningemrudisha nyumbani.

Ila kuna watafiti ambao jibu lao ni dhaifu na swali lao halifi. Muyembe hakuliacha swali lile. Zaidi ya miaka kumi baadaye, mtu mmoja aliyepona Ebola kule Kikwit alikubali kutoa damu tena. Ndani yake kulikuwa bado na kingamwili zinazokumbuka ugonjwa. Watafiti wa taasisi ya afya ya Marekani, akiwemo Nancy Sullivan, pamoja na wenzao wa Uswisi, wakachagua moja kati ya hizo, wakaitengeneza kuwa dawa, wakaiita mAb114. Leo inauzwa kwa jina la Ebanga. Kutoka kwenye damu iliyotiwa wagonjwa wanane chini ya taa hafifu za Kikwit mpaka kichupa chenye jina, hiyo ni miaka 25 ya mtu mmoja kukataa kusahau.

Halafu ikaja kwetu. Epidemi ya kumi, Kivu ya Kaskazini na Ituri, toka 1 Agosti 2018 mpaka 25 Juni 2020: wagonjwa 3.470, waliokufa 2.287. Katikati ya hiyo vita (na ilikuwa vita, hamuhitaji niwaambie) INRB ya Muyembe na Wamarekani wakaanza Novemba 2018 jaribio lililoitwa PALM. Dawa nne, mgonjwa anapewa moja kwa kura. Mwishoni mwa Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto, siku tatu kati ya kimoja na kingine. Aprili, muganga wa OMS kutoka Kameruni, Richard Mouzoko, akauawa kwa risasi Butembo akiwa kwenye mkutano wa kazi. Jaribio likaendelea. Agosti, walioangalia hesabu wakasema simamisheni, jibu limeonekana: dawa mbili zinashinda mbili nyingine. Wagonjwa 681 walikuwa wameingia. Waliopewa mAb114, kati ya mia walikufa 35, waliopewa ile ya Regeneron, 34 hivi, waliopewa ZMapp, karibu 50, remdesivir, 53. Makala ikachapwa Desemba 2019 na jina la kwanza ni la Sabue Mulangu, Mkongomani. Linganisheni na zile tatu za 1977. Mimi hapo ninasimama na kupiga makofi bila kutumwa na picha yoyote.

Na kuhusu termosi, kuna jambo ambalo picha zetu hazilisemi: katika epidemi hiyo ya kumi, Muyembe aliamua kwamba damu ya wagonjwa haitatoka nchini. Anayetaka kuichunguza, aje Kinshasa. Hilo ni jibu la 1976 lenye uzito kuliko makala yoyote ya kulalamika.

Sasa niseme la nyumbani.

Mwaka 2019 nilikuwa ninafanya kazi ya riposti kule Butembo, katika timu ya kufuatilia wale tuliowaita kontakte, yaani watu waliomgusa mgonjwa. Nilikuwa nimemaliza masomo muda si mrefu, kazi nyingine hakuna, malipo yalikuwa ya dolare. Kwenye kartie yetu watu walikuwa wanasema tunakula pesa ya Ebola, na kwamba ugonjwa ungekwisha kama pesa zingekwisha. Mama yangu alinisihi nivae ile jile ya kazi nikifika kazini tu, si nyumbani.

Jumatatu moja usiku binamu yangu akanipigia simu: mama mkubwa ana homa. Mama mkubwa, dada wa mama yangu, muuza maharagi sokoni, alikuwa ameenda kumuosha jirani aliyekufa wiki mbili kabla. Mimi nilijua. Mnielewe vizuri, mimi njo niliyekuwa nimesomeshwa kujua. Orodha ya maswali ilikuwa ndani ya begi langu. Nikamjibu binamu: "Mungojee kwanza, pengine ni malaria. Mumupe dawa, kesho tutaona."

Kwa nini nilisema hivyo? Kwa sababu niliona mbele ya macho yangu jipu la kazi limesimama kwenye lango la ukoo wetu, na polisi wawili wenye bunduki nyuma yake, kama lilivyokuwa linasimama kwenye malango ya wengine ambako mimi mwenyewe nilishuka ndani yake. Niliona majirani wamesimama. Nikaogopa.

Kesho ikawa kesho kutwa. Wakampeleka disipanseri ya kando, wakamtundika serumu, wakamchoma sindano. (Yambuku, wapendwa. Mabomba matano. Katika epidemi yetu pia vituo vidogo vya namna hiyo vilipitisha ugonjwa kwa watu wengi.) Ijumaa alianza kutapika. Jumamosi nilienda mimi mwenyewe na moto, bila jile, nikamkuta amelala jikoni nyuma ya magunia. Akanitazama akasema: "Weye njo unafanya na bale batu? Mukinipeleka kule, munanipeleka kufa." Tulimpeleka Jumapili. Alikufa Jumanne usiku, ndani ya kituo, kwenye chumba cha plastiki tulichoweza kumwona kupitia kwake lakini si kumshika.

Mwaka uliofuata nikiwa ninaandika memuari nikaifungua makala ya PALM. Matokeo makubwa nilikuwa ninayajua, kila mtu anayajua. Nikaendelea kusoma mpaka pale wanapoongea juu ya siku. Wagonjwa waliofika kituoni siku moja baada ya kuanza kuugua, walikufa 19 kwa mia. Waliofika baada ya siku tano, 47 kwa mia. Na kila siku inayopita kabla ya mtu kufika, uwezekano wa kufa unapanda kwa asilimia 11. Niliifunga kompyuta. Jumatatu mpaka Jumapili, hesabuni wenyewe.

Hapa njo ninataka kuikosoa kazi hii, na ninaikosoa kwa kipimo chake yenyewe. Tazameni hizo namba mara ya pili. Tofauti kati ya dawa bora na dawa mbaya kuliko zote ilikuwa watu 18 au 20 hivi kwa mia. Tofauti kati ya siku ya kwanza na siku ya tano ni watu 28 kwa mia. Siku zilikuwa dawa kubwa kuliko dawa. Lakini ndani ya makala, siku hizo zimewekwa kwenye jedwali pamoja na umri na wingi wa virusi katika damu, kama tabia ya mgonjwa, kama vile mtu anavyozaliwa mrefu au mfupi. Siku tano za mama mkubwa hazikuwa tabia yake. Moja ilikuwa yangu. Nyingine ilikuwa ya jipu. Nyingine ya disipanseri. Na labda mbili nzima zilikuwa za Desemba 2018, wakati CENI ilipotangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na nchi yote, watangoja mpaka Machi, na sababu mojawapo iliyotajwa ilikuwa Ebola. Mnakumbuka kesho yake Beni? Waandamanaji walivamia kituo cha Ebola. Toka siku ile, kwa watu mingi wa kwetu, Ebola ilikuwa na chama cha siasa.

Muyembe wa Yambuku angeuliza: siku hizi zimepitia wapi? Aliuliza hivyo juu ya sindano: ziko ngapi, nani anazigawa asubuhi, nani anazisuuza. Mwaka 2019 jedwali la namna hiyo juu ya siku tano halikutengenezwa na wale waliotengeneza jedwali la dawa. Wengine walijaribu upande wao. Septemba 2018 watafiti waliuliza watu 961 wa Beni na Butembo. Robo yao walisema Ebola haipo, na ni kama mmoja tu kwa watatu aliyeamini kwamba viongozi wa mahali wanamtetea. Hiyo ilichapwa kwenye gazeti jingine, na watu wengine, kwa wasomaji wengine. Kazi hizo mbili zimekaa kwenye rafu mbili kama wake wenza wasiosalimiana. Ningetegemea mtu mwenye miaka zaidi ya 40 ya epidemiolojia, aliyepewa na Rais uongozi wa riposti nzima mwezi wa Julai 2019, azikutanishe. Hakuzikutanisha, au kama alifanya hivyo kwa maneno kwenye mikutano, kwenye maandishi ya jaribio lile sikuyaona.

Wapo watakaonijibu kwamba huo si wajibu wa virolojia. Rafiki yangu mmoja muganga, mtu wa Lubumbashi, aliniambia hivyo wazi: "Weye unataka muzee afanye kazi ya Mungu na ya CENI pia." Ana haki kidogo. Jaribio la dawa linajibu swali la dawa, na kama lingeanza kubeba maswali yote lisingejibu hata moja. Wala simlaumu Muyembe juu ya bunduki za nyuma ya jipu. Zilikuwapo kabla hajapewa uongozi, na kwa kweli toka mwisho wa mwaka ule visa vilipungua sana chini yake. Lakini ninaona sikio lake halisikii umati vizuri kama jicho lake linavyosoma orodha. Mnakumbuka Aprili 2020. Wataalamu wawili wa Kifaransa walikuwa wametoka kusema kwenye televisheni kwamba kinga fulani ya Korona ijaribiwe Afrika, bara lote linachemka, na siku hizohizo Muyembe anasimama Kinshasa, balozi wa Marekani pembeni, anasema nchi yetu imechaguliwa kwa majaribio ya chanjo. Ilibidi aeleze upya kwamba majaribio hayataanzia kwetu, kwamba yatakuwa yamefanyika kwingine kwanza. Nilisikia maelezo ya pili, niliyakubali. Kaka yangu alisikia ya kwanza tu. Kwenye kartie, ya kwanza ndiyo inayobaki.

Na huyu ni mtu ambaye angeweza kuongea na umati kuliko mwingine yeyote, kwa sababu alikuwa na habari ambayo hakuna Mzungu aliyekuwa nayo. Hilo sikulielewa mpaka mwaka jana.

Nilikuwa Butembo kwa likizo, nimekaa na binamu yangu kwenye baraza la mama mkubwa. Sasa yeye njo anauza maharagi. Alikuwa anachambua, mimi ninamsimulia juu ya makala hii niliyokuwa ninataka kuwaandikia, bila kumwambia ile ya siku tano, maana hiyo sijamwambia mpaka leo; akisoma hapa atakuwa amejua. Nikamwambia juu ya Kikwit, juu ya damu, juu ya yule aliyepona na kingamwili zake. Akaacha kuchambua.

"Ile dawa ya kule kituoni," akasema, "ilitoka ku damu ya mutu wa Kikwit?"

"Moja yao, ndiyo."

"Mutu mweusi? Wa Kongo hii?"

"Ndiyo."

"Batu walikuwa banasema ni sumu ya Wazungu. Mama pia alisema hivyo, akiwa pale jikoni." Akanyamaza. "Na weye ulikuwa unajua hii habari?"

Nikamwambia ukweli: wakati ule sikuijua. Ilikuwa imechapwa kwa Kiingereza toka 2016, na mimi nilikuwa na karatasi za kufundishia watu kumi na mbili ndani ya begi, zenye picha za kunawa mikono na za popo, na hakuna hata moja iliyotaja Kikwit.